Ukanda wa Filamu wa Navalayo

Mkebe ulikuwepo. Ukanda wa filamu uliokuwa ndani yake haukuwepo.

Inspekta Andati aliuinamisha mkebe kwa ncha ya kalamu, akachungulia. Kufuli la stoo ya vielelezo halikuvunjwa. Dirisha lilikuwa na nondo imara. Nje, matrekta ya miwa yalifuatana kuelekea kiwandani, kama kila asubuhi mwaka ule wa 1978.

"Nani aliingia humu jana?"

"Mimi, afande," Konstebo Shikanga akajibu. "Na Mama Navalayo, mlalamikaji mwenyewe. Alikuja kuutambua mkebe kabla ya kesi."

"Mwingine?"

"Hakuna."

Kesi hiyo ilijulikana Kakamega nzima. Navalayo alikuwa mwigizaji. Aliishi miaka minne na Cleophas Osundwa, nyota ambaye filamu zake zilijaza kumbi zote za nchi ya miwa. Kisha akamshtaki kwamba alimvunja mkono mbele ya kamera, kwa kipigo cha kweli, si cha kuigiza. Osundwa naye akamshtaki kwa kumharibia jina. Tukio lenyewe lilikuwa ndani ya ukanda huo, na nakala nyingine haikuwepo. Hakimu aliamuru uonyeshwe mahakamani Jumatatu.

"Ni Osundwa," Shikanga alisema. "Nani mwingine angeutaka upotee?"

Andati alimkuta Osundwa barazani kwake, miwa yake ikianzia nyuma ya nyumba na kwenda mpaka macho yachoke. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa.

"Ulikuwa wapi jana?"

"Shambani. Wakataji wote waliniona."

"Ukanda umeibwa."

Osundwa akasimama. "Umeibwa? Kwani huko kituoni mnalindanga nini?"

"Watu wanasema ni wewe."

"Inspekta, niliuleta kwenu kwa mkono wangu. Wewe umeutazama?"

"Bado."

"Mimi nimeutazama pamoja na watu. Lumakanda, Khwisero, kote. Hapo ninapompiga wanachekanga mpaka wanashika mbavu. Hata hakimu angecheka, kesi iishe. Niuibe wa nini?"

Andati alimwamini, na hakufurahi kumwamini.

Alasiri, mtaalamu wa alama za vidole alimaliza kuupima mkebe.

"Nje kuna alama za watu watatu," alisema. "Osundwa, Shikanga na Navalayo."

"Wote waliushika. Na ndani?"

"Ndani ya kifuniko kuna alama moja tu. Kidole gumba cha Navalayo."

Andati akamwita Shikanga.

"Aliufungua mbele yako?"

"Hapana, afande. Aliugusa tu juu."

"Ulimwacha peke yake?"

Shikanga akatazama chini. "Kidogo. Simu ililia."

"Alibeba nini?"

"Kikapu. Kilikuwa na mboga."

Navalayo alipanga chumba kimoja mtaa wa Amalemba. Alimpa Inspekta kiti pekee kilichokuwepo, yeye akaketi kitandani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeunga vibaya. Kando ya mlango kulikuwa na jiko, na ndani yake donge jeusi lililonuka plastiki iliyoungua.

"Nimeliona jiko, mama," Andati alisema.

"Sikulificha."

"Ulikuwa ushahidi wako mwenyewe. Kwa nini?"

"Konstebo wako ni mtu mzuri. Alinipa kiti na maji. Akaniambia, 'Mama, ile filamu niliitazama mara tatu. Hapo unaporushwa ukutani tulicheka sana.' Hakuwa na ubaya. Alitaka kunifurahisha. Simu ikalia, akatoka. Nikaufungua mkebe."

"Ungeiondoa kesi tu."

"Nikiiondoa, atasema nilidanganya. Sikudanganya."

"Bila ukanda utashindwa."

"Najua." Aliushika mkono wake mbovu. "Inspekta, katika filamu ile nilikuwa Rosa, yeye akawa Bwana Petro. Aliponivunja mkono nililia, 'Cleophas, acha. Cleophas, nakufa.' Nilimwita jina lake la kweli. Liko ndani ya ukanda. Nimeketi katika kumbi nyingi nikingoja mtu mmoja tu alisikie, aulize kwa nini. Hakuna aliyesikia. Kicheko kililifunika."

Andati alilitazama donge lile. "Jina hilo lingempeleka jela."

"Hakimu angelisikiaje, na mahakama nzima inacheka? Ningekaa pale peke yangu, nipigwe tena, wacheke tena. Sikuweza. Jumatatu nitasema kwa mdomo wangu. Wakitaka kucheka, wacheke wakiniangalia usoni."

"Utasema ukiwa mshtakiwa. Kuharibu ushahidi ni kosa."

"Andika. Ni mimi niliuchukua, ni mimi niliuchoma. Hakuna aliyenisaidia."

Andati aliandika. Alifika mahali pa kuandika jina la ndugu wa kuarifiwa, akamtazama. Navalayo akatikisa kichwa.

"Walinikataa nilipomfuata Osundwa," alisema. "Nilipomwacha, hawakunirudia."

Hakumfunga pingu. Navalayo alilimwagia jiko maji, akajifunga leso, akatoka. Alifunga mlango kwa kufuli, akasimama na ufunguo mkononi, akitazama milango ya majirani mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwa imefungwa.

Akamkabidhi Inspekta ufunguo.