Platini ya Bakili

Bakili hakuitaka platini yake ya zamani, na hapo ndipo fundi wake, Pantaleo, angeshtuka kama furaha isingemziba macho. Nani, katika miaka ile ya uhaba na foleni za madukani, alimwachia fundi kipuri kizima? Mwenye gari alikusimamia kichwani mpaka umrudishie hata skrubu iliyopinda, maana mafundi wa Kariakoo, tusidanganyane, mikono yao ilikuwa mirefu.

Gari lenyewe lilikuwa teksi, Pijo ya zamani yenye mwili wa mviringo, na Bakili aliitunza kama mboni ya jicho. Mchana ule aliiingiza uani kwa Pantaleo, jirani na Msimbazi, mkononi ana kisanduku cheusi alichouziwa na baharia.

"Elektroniki hii," alisema. "Wenzetu wameshaachana na platini. Hii haisagiki wala haiungui. Nifungie, lakini wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Asiguse mtu mwingine."

"Eti asiguse mtu! Tangu lini Myao akawa na madaha? Lete, bwana. Wewe si ndugu yangu?"

Walikuwa zaidi ya ndugu. Walitoka Masasi pamoja, mmoja wa msikitini, mmoja wa kanisani, wakapanga chumba kimoja Jangwani mpaka mafuriko yalipowatoa. Siku Severa alipozaliwa, binti pekee wa Pantaleo, teksi ya Bakili ndiyo iliyomtoa hospitali, na Bakili alikataa nauli kwa matusi.

Pantaleo alifungua distributa, akatoa platini, vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana mpaka cheche ipatikane na injini iwake. Akaigeuza mkononi. Gari limezunguka mji miaka yote hiyo, platini haina hata doa la kuungua. Injini ilikuwa bado na moto, lakini chuma kile kilikuwa cha baridi. Tena kilinuka udi.

"We Bakili, gari lako unalifukiza kama bibi harusi?"

Bakili hakucheka. Alikuwa ameshatoka uani, amesimama ng'ambo ya barabara, anajifuta jasho.

Pantaleo akafunga kile kifaa kipya, akavalisha pete ya sumaku, akaunga waya mwekundu na mweusi kwenye koili. Alipozungusha ufunguo, injini iliitika mara moja, laini kabisa. Akafurahi kama mtoto. Akavuka barabara kumpelekea mwenyewe platini yake.

"Kaa nayo," Bakili alisema, mikono ameificha nyuma. "Nimekupa. Sema umepokea."

"Nimepokea, bwana! Ahsante sana!"

Maskini Pantaleo! Aliingia ndani anapiga mluzi, akaiweka kabatini kando ya kopo la sukari.

Kesho yake alasiri Hyasinta, mkewe, alikuwa anachambua mchele aliposikia kabatini tik, tik, tik. Saa hawakuwa nayo. Alipofungua, kimya; alipofunga, ikaanza tena, polepole, kama kitu kinachojaribu. Chumba kizima kilinuka udi na waya ulioungua. Akajiambia ni panya, ingawa hajapata kusikia panya anayefukiza udi.

Mara Severa akaacha kucheza. Akaja kuegemea paja la mama yake, midomo imemkauka.

"Mama, kuna mtu anawasha gari kifuani kwangu."

Hyasinta akaweka mkono juu ya kifua cha mwanawe, na pale, chini ya mbavu ndogo, akasikia tik, tik, tik ileile, kisha mwili mzima wa mtoto ukatetemeka kama gari linalopigwa starta asubuhi ya baridi, likakataa, likapigwa tena, likakataa, na kila lilipokataa pumzi ya Severa ilikatika, na kila pumzi iliporudi ilitoka na harufu ya udi, na Hyasinta akapiga yowe ambalo Pantaleo alilisikia kutoka chini ya gari la mtu, akatoka mbio bila kufuta grisi.

Zahanati walipewa vidonge vya malaria. Asubuhi mtoto alikuwa hawezi hata kukaa. Ndipo Pantaleo, Mkatoliki wa kila Jumapili, akaenda mwenyewe kumwita Bi Sabaha, mganga wa mtaa wa Gerezani.

Bi Sabaha alitega sikio kwenye kifua cha Severa, akajitoa haraka. Alinong'ona tu, kana kwamba kuna mtu amelala.

"Nani amewapa chuma?"

Pantaleo akaeleza. Bi Sabaha akatikisa kichwa.

"Hili ni jini la mali. Lilikaa kwenye cheche, likamwendeshea mwenyewe gari lake, na malipo yake ni watoto. Mlipolitoa kwenye cheche likahamia kwenye pumzi. Halifukuzwi hili, mwanangu. Hupewa mtu mwingine, akakubali kwa kinywa chake. Na iwe leo, kabla ya magharibi. Huyu mtoto hana kesho."

"Bakili asingefanya hivyo. Ni ndugu yangu."

"Ndugu yako amezika wangapi?"

Wawili. Makaburi yote mawili Pantaleo ndiye aliyeyachimba.

Alimwacha Hyasinta na mtoto, akakimbia kumtafuta Bakili amlete nyumbani, kwa hiari au kwa kuburutwa. Alimkuta Mnazi Mmoja, amekaa ndani ya teksi yake.

"Twende ukapokee kitu chako."

Bakili hakuuliza kitu gani. Akaanza kulia.

"Nimebakiwa na mwanangu Uwesu peke yake, Panta. Wiki iliyopita na yeye alianza kukohoa udi. Chukua gari. Chukua nyumba. Kile sikipokei."

"Nimekuchimbia makaburi ya wanao, Bakili! Kwa mikono hii! Dar yote hii, ukaja kwangu?"

"Ningekwenda kwa nani? Mwingine angeuliza kwa nini nampa. Wewe unanipenda."

Pantaleo alimkwida kola, akamtikisa, akampiga kofi. Bakili hakujitetea. Akarudia tu kwamba hapokei, hapokei, hata auawe pale pale. Jua lilikuwa limeinama. Pantaleo akamwachia, akarudi nyumbani analia barabarani, mtu mzima, na watu wanampisha.

Alipofungua mlango, Severa alikuwa amekaa mkekani anakunywa uji.

Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua cha mwanawe. Moyo wa mtoto, basi. Akamkumbatia mpaka uji ukamwagika.

"Imekuwaje? Hyasinta, imekuwaje?"

Hyasinta alikuwa anasugua sufuria, amempa mgongo.

"Kasmir alipita."

Kasmir ni mdogo wake Pantaleo, tumbo moja. Pijo yake ya mizigo ilikuwa imezimika asubuhi ileile pale Msimbazi, na platini mji mzima haipatikani. Mkewe, Klara, alikuwa na mimba ya kwanza.

"Aliiona?"

"Nilimwonyesha mimi. Akaruka kwa furaha. Nikamwambia aseme amepokea, akasema."

"Ni mdogo wangu, Hyasinta! Asubuhi ulimlaani Bakili mpaka sauti ikakukauka!"

Hyasinta akageuka, macho mekundu. Akamwonyesha Severa kwa mwiko.

"Na huyu ni nani wako?"

Pantaleo alitoka mlangoni ili amkimbilie. Hakuhitaji kwenda mbali. Honi ilikuwa inapigwa kwa fujo mtaani, na pikapu ya Kasmir ikaja inanguruma, Kasmir mwenyewe ametoa kichwa dirishani, meno yote nje.

"Kaka! Limewaka! Mguso mmoja tu! Nakwenda kumwambia Klara, leo tunakula nyama! Mungu awabariki!"

Akapunguza mwendo, akangoja jibu. Harufu ya udi ilimfikia Pantaleo pale kizingitini. Alifungua kinywa. Nyuma yake Severa alikuwa anamwomba mama yake uji zaidi.

"Nenda salama, mdogo wangu," Pantaleo akasema, akarudi ndani, akafunga mlango.