Rehani ya Buseresere

IJUMAA, SAA KUMI JIONI

Bujiku aliweka picha mezani, akaipiga kofi.

"Ndilo hili. Jumapili asubuhi liko kwenye lori letu. Jumapili jioni liko Buseresere. Nani ana swali?"

Hakuna aliyekuwa na swali. Mtu wa mwisho kumuuliza Bujiku maswali alizikwa porini bila jeneza.

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha duka la magunia, mjini Shinyanga, mwaka ule wa themanini na tatu, watu walipokuwa wakitafuta sabuni kama dawa. Bujiku mwenyewe, mkuu wao, mfupi, shingo nene. Mdogo wake Damian, mtanashati, mwenye tabia ya kucheka kabla ya kumuumiza mtu. Dereva wa lori la kinu cha pamba, jina lake Sikujua, aliyeuza roho yake kwa bei ya mapipa mawili ya dizeli. Na Kalisti, fundi wa gereji, ambaye mwezi mmoja tu nyuma hakuwa jambazi. Alijileta mwenyewe.

Pichani kulikuwa na Benzi ya michezo. Nyeupe, milango miwili, usukani kushoto. Mali ya Mgiriki, meneja wa kinu, ambaye wiki ile alikuwa Mwanza akiota jua.

"Mnunuzi ni Mama Generosa, yule wa dhahabu," Bujiku alisema. "Anaipeleka Bujumbura. Anataka ya Ulaya, si ya Marekani. Mwaka jana aliuziwa ya Marekani iliyogeuzwa sura, akachekwa mbele ya watu. Aliyemuuzia mnajua aliko."

"Hana mikono," Damian alisema, akacheka.

"Kalisti. Tueleze."

Kalisti alivuta picha. "Kiwanda ni kimoja, lakini kila nchi walitengenezewa yao. Ya Ulaya, taa ya mbele ni kioo kimoja kirefu, indiketa humo humo. Ya Marekani ina taa ya duara, na vitaa vyake pembeni. Dashibodi ya Ulaya inasoma kilomita, ya Marekani inasoma maili. Tena ya Marekani ina vitaa ubavuni, kwenye madigadi, sheria yao inataka hivyo. Ya Ulaya madigadi ni tupu."

"Na ya Mgiriki?"

"Kioo kimoja. Kilomita. Madigadi tupu. Ni ya Ulaya."

Bujiku alimtazama machoni. "Unathibitisha?"

"Nathibitisha."

Alikuwa anadanganya, tena bila kupepesa macho. Gari lile lilikuwa la Marekani. Lililetwa na Mmarekani wa mradi wa visima. Mgiriki alipolinunua aliagiza taa na dashibodi kutoka Ujerumani, na aliyezifunga ni Kalisti. Kalisti ndiye aliyeng'oa vitaa vya ubavuni. Kalisti ndiye aliyeziba matundu kwa puti na kupiga rangi juu yake.

"Mama Generosa hapokei mzigo bila mtu kukaa rehani," Bujiku aliendelea. "Mzigo ukiwa safi, mtu anarudi. Ukiwa mchafu, harudi. Damian, wewe unatangulia Buseresere kesho alfajiri."

"Sawa, kaka."

Moyo wa Kalisti uliruka kwa furaha, furaha mbaya. Hilo ndilo alilolifuata kwa watu hawa. Mdogo wake Athanas alikufa Geita, ndani ya duara, shimo la wachimba dhahabu, kamba ya kupandia ikiwa imekatwa kwa kisu. Damian ndiye aliyekuwa juu. Damian ndiye aliyeondoka na mawe. Polisi waliandika ajali, wakaenda kula. Basi Kalisti hakutaka kesi. Alitaka Mama Generosa aguse yale madigadi huku Damian amekaa rehani.

Mambo yake aliyapanga vizuri, au alidhani hivyo. Mkewe Esta ataondoka Jumamosi hiyo hiyo kwa basi la Chato, kwa mama yake mkubwa. Yeye atateremka kwenye lori Ushirombo, amfuate. Mtoto wao Lusia, aliyebaki kwa bibi yake, watamfuata baadaye.

JUMAPILI, SAA MOJA ASUBUHI

Mashine za kinu zilikuwa kimya. Lori la Fiat lilisimama getini, na Kalisti akateremka peke yake. Mlinzi alikuwa mzee Maduhu, ambaye hakuwahi kumnyima fundi uji wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Hata Jumapili?"

"Mgiriki ameagiza niwashe gari, betri isife."

Mzee alifungua geti. Bujiku alitoka nyuma ya lori na kipande cha chuma. Alimpiga mara moja kisogoni. Mzee akaanguka, akajaribu kuinuka, akaulizia kofia yake. Bujiku alimpiga tena.

"Ulisema tutamfunga kamba," Kalisti alisema.

"Kamba ni za kufungia gari. Washa."

Aliwasha. Injini ilipokea mara moja, kwa sauti nzuri ambayo siku nyingine ingemfurahisha. Waliegemeza mbao mbili nene kwenye bodi la lori, wakalipandisha gari taratibu, wakalifunga, kisha wakalizika chini ya marobota ya magunia matupu. Hakuna anayeshangaa lori la kinu likipeleka magunia matupu vijijini msimu wa pamba. Mzee Maduhu walimwacha nyuma ya mizani. Mguu wake mmoja ulikuwa bado unatikisika dereva Sikujua alipotia gia.

Kalisti alitapika dirishani. Bujiku alimpa maji ya kusukutua, kwa upole kama wa mama.

SAA SITA MCHANA, NJE YA KAHAMA

Gogo njiani. Sungusungu, walinzi wa jadi, kama ishirini, pinde mabegani, filimbi shingoni. Hawa hawakuwa polisi. Hawakuchukua rushwa na hawakusikiliza lolote.

"Mwadila," Sikujua aliwasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Mmebeba nini?"

"Magunia ya chama cha msingi, ng'wanawane. Pamba ya Runzewe inalala chini."

Kiongozi wao alipanda nyuma na mkuki. Akachoma robota. Akachoma la pili. Mkuki wa tatu uligonga kitu kigumu, na wote kwenye kebini walisikia. Mkono wa Bujiku uliingia chini ya kiti, kwenye bastola.

"Ni nini hiki?"

"Mizani," Kalisti alisema haraka, kichwa nje ya dirisha. "Mizani ya chama, mimi ndiye fundi wake. Mkinipindishia, wakulima watapunjwa."

Yule bwana aliutoa mkuki pole pole, akaomba radhi. Mizani ni kitu anachokiheshimu kila mkulima. Gogo likaondolewa.

Bujiku alimpiga Kalisti begani. "Wewe ni wa kwetu sasa."

SAA NANE, USHIROMBO

Walisimama kuongeza maji kwenye rejeta. Watu walikuwa wakitoka kanisani, wanawake na kanga mpya, watoto na viatu mkononi. Kalisti alisema anakwenda haja. Alikwisha kuiona njia: nyuma ya misheni, kisha shambani, kisha barabara ya Chato. Alikuwa amefika pembeni ya ukuta Bujiku alipomfuata na soda mbili.

"Kunywa kwanza. Una mke mzuri, Kalisti."

"Mke wangu?"

"Jana nilimkuta stendi, tiketi ya Chato mkononi. Nikamwambia ukweli, kwamba mumewe amethibitisha gari, anatakiwa mtu wa kukaa Buseresere mpaka lifike. Sikumlazimisha. Aliniambia, 'Mume wangu akisema ni ya Ulaya, ni ya Ulaya.' Akapanda na Damian."

Kalisti aliweka chupa juu ya ukuta.

"Rehani si Damian?"

Bujiku alicheka kwa dhati. "Kwa nini awe Damian? Damian amethibitisha nini? Kwa wachimbaji, anayethibitisha mzigo ndiye anayetoa mtu wake. Damian ni wa kusindikiza tu. Hukujua?"

Hakujua. Alikuwa mtu wa gereji, wa spana na grisi. Desturi za maduara alizijua Athanas, na Athanas alikuwa amekufa.

Njia ya nyuma ya misheni ilikuwa wazi pale pale, hatua chache. Kalisti aliitazama, akarudi kwenye lori. Angefanya nini kingine? Akimwambia Bujiku ukweli, atapigwa risasi hapo hapo na Esta atabaki kule. Akiwaita polisi, mzigo hautafika na Esta atabaki kule. Lilibaki tumaini moja, la aibu. Puti ile aliipiga vizuri. Aliilainisha kwa msasa siku nzima. Njia nzima alimwomba Mungu kazi yake ya uongo isimame.

SAA KUMI NA MOJA JIONI, BUSERESERE

Ua wa ghala la zamani, kuta za matofali, watu wawili wenye bunduki. Mama Generosa alikuwa mwanamke mnene wa vitenge viwili, miwani puani, pochi kwapani.

"Shikamoo, mama," walimsalimu wote, hata Bujiku.

"Marahaba, wanangu. Shusheni."

Esta alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, anakula kiazi. Damian alisimama nyuma yake. Esta alipomwona mumewe aliinuka, uso unang'aa.

"Baba Lusia! Umefika salama? Nimewaambia hawa watu wasiwe na wasiwasi."

Kalisti aligeuka kufungua kamba za gari.

Gari liliteremshwa, likapanguswa vumbi. Mama Generosa alilizunguka. Akagusa vioo vya taa kimoja kimoja. "Kimoja. Vizuri." Akainama kwenye dashibodi. "Kilomita. Vizuri sana." Akapapasa madigadi ya mbele kwa kiganja, akarudia, hakukwama popote. Alitabasamu.

Kalisti alianza kupumua.

Mama Generosa akafungua pochi, akatoa sumaku. Ilikuwa ile ya kazini kwake, ya kuondolea vumbi la chuma kwenye dhahabu kabla ya kupima. Akaibandika kwenye madigadi ya kushoto, ikashika. Akaisogeza nyuma kidogo, ikashika. Akaisogeza tena, ikaanguka chini.

Aliiokota, akairudisha mahali pale pale. Ikaanguka tena.

"Hapa palikuwa na taa," alisema. "Nani aliyethibitisha?"

Bunduki moja ilikwisha kumgeukia Esta. Kalisti alipiga magoti.

"Mimi, mama. Nilijua ni ya Marekani. Nilidhani rehani ni Damian. Alimkatia kamba mdogo wangu Geita, nikataka mumuue. Esta hajui lolote. Wallahi hajui."

Bujiku alimtazama mdogo wake, kisha akamtazama Kalisti, na safari hii hakukuwa na upole wowote.

"Siku mbili," Esta alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku mbili nimekaa hapa nawaambia watu mume wangu hajawahi kukosea gari. Kumbe umelileta makusudi."

"Mama Lusia, nisikilize..."

"Athanas alikuwa shemeji yangu. Ungeniambia."

Mama Generosa alifuta sumaku kwenye kitenge. Hakukasirika, na hilo lilitisha zaidi. "Bujiku, gari linabaki, malipo hakuna, na ushukuru. Wewe fundi, sikiliza. Rehani hairudi bure. Lakini aliyethibitisha akitaka kukaa mwenyewe, tunabadilisha. Unakaa?"

"Nakaa."

"Mkeo aende?"

"Aende. Aende sasa hivi."

Alikwenda mwenyewe kwenye kigoda, akakaa. Wakamfunga mikono. Alilia machozi ya shukrani, hakuona haya. Esta alikuwa hai, Lusia atamwona mama yake, na yaliyobaki hayakumhusu tena.

Sikujua aliwasha lori.

"Haya, shemeji," Bujiku alimwambia Esta, "panda. Safari ni ndefu."

Damian alifungua mlango wa kebini, akanyoosha mkono kumsaidia. Alikuwa anacheka.

Ndipo Kalisti alipoelewa. Aliwaza bunduki za hapa tu. Hakuwaza lori.

"Esta! Usipande!"

Esta aligeuka. Macho yalikuwa mekundu. "Umeshanipangia vya kutosha. Mtoto wangu yuko Shinyanga, mimi naenda nyumbani."

"Watakuua! Nimetaka damu ya ndugu yake Bujiku, watakuua wewe! Esta!"

"Aliyetaka kuua leo ni wewe," alisema, akashika mkono wa Damian, akapanda.

"Mama Generosa!" Kalisti alianguka na kigoda chake, akajiburuta kwa magoti. "Mshushe, mama! Mrudishe! Tukae wote wawili!"

"Rehani ni mtu mmoja," Mama Generosa alisema, akafunga pochi. "Na wewe umeshabadilisha."

Sikujua, pale kwenye usukani, alimtazama Kalisti mara moja. Alielewa kila kitu. Akatia gia.

Kalisti alipiga kelele mpaka mtu wa bunduki akamziba mdomo kwa gunia. Lori lilitoka getini polepole. Esta alikaa katikati ya ndugu wawili, amekunja mikono, amekasirika, anatazama barabara ya nyumbani.