Nyumba ya Mkonze na Riba ya Moja na Nusu

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Naapa kwa kiinua mgongo changu cha reli, na mstaafu haapi kwa kitu hicho akitania. Niliyaona kwa macho yangu hapa Makole, uani kwenye nyumba tunayopanga. Mimi ni Obedi, mwenyeji wa Gulwe.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Generosa alikuwa anachambua maharage ya kupeleka Majengo, ambako anauza nafaka. Mume wake, Sila, ni fundi bomba. Alikuwa anakunywa chai huku anapiga mluzi.

"Shikamoo mzee Obedi."

"Marahaba. Leo mnang'aa. Kuna nini?"

"Jumatatu tunasaini mkopo," Sila akasema. "Milioni kumi na mbili. Nyumba inapata paa."

Nilifurahi. Nyumba yao ya Mkonze ilikuwa imeishia kwenye linta mwaka wa tatu sasa. Mbuzi wa watu walikuwa wamezaana sebuleni mpaka kizazi cha nne.

"Mmechagua kwa nani?"

"Kwa yule wakala wa mikopo uliyetuletea. Sakosi, chama chetu cha akiba na mikopo, wanataka asilimia kumi na nane. Yeye anataka moja na nusu tu. Hata mtoto anajua ipi ndogo."

Wakala huyo nilimleta mimi, kwa moyo safi kabisa. Nilikuwa nimewaambia hata mimi nilijenga nyumba kwa mkopo kama huo kule Gulwe.

Wakati huo Mama Ikram alikuwa anaanika nguo. Huyu ni Zaitun, mpangaji wa chumba cha mwisho, mtu wa Kondoa, mhasibu wa shule. Aliacha shuka likining'inia nusu.

"Moja na nusu kwa mwezi, au kwa mwaka?" akauliza.

Sila akaangalia karatasi. "Kwa mwezi."

"Na ya sakosi?"

"Kwa mwaka."

"Mwaka una miezi mingapi, baba?"

Sila akahesabu kimoyomoyo. Mluzi ukakatika. "Moja na nusu mara kumi na mbili... Kumi na nane! Kumbe ni sawasawa?"

"Subiri. Lete huo mkataba."

Mama Ikram alisoma taratibu. Alipofika ukurasa wa pili alishika kichwa.

"Hapa wameandika riba itatozwa juu ya mkopo wote, kwa muda wote. Generosa, ukiweka magunia mia stoo pale Majengo, unalipia nini?"

"Kila gunia lililomo, kila mwezi."

"Ukishauza tisini?"

"Nalipia kumi yaliyobaki."

"Mwenye stoo akikudai ya mia?"

"Nitamvua shati sokoni!"

"Basi hawa watakudai ya mia mpaka gunia la mwisho litoke. Unapunguza deni, riba haipungui."

Akachukua simu, akapiga hesabu. Riba ni laki moja na elfu themanini kila mwezi. Mkopo ni wa miaka mitano, yaani miezi sitini.

"Riba peke yake ni milioni kumi na laki nane," akasema. "Mtarudisha milioni ishirini na mbili na laki nane, yaani laki tatu na elfu themanini kila mwezi."

Kikombe kilimtoka Sila mkononi. Chai ikamwagikia miguu yake na hata hakuruka.

"Milioni kumi na laki nane? Ya riba? Mama Ikram, rudia hesabu!"

Akarudia. Ikatoka ile ile.

Generosa hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha, maana Generosa akipiga kelele Makole husikika Morogoro. Alikaa juu ya debe, maharage yakimponyoka kati ya vidole.

"Dhamana mmeweka nini?" Mama Ikram akauliza.

"Hati ya kiwanja," Generosa akajibu kwa sauti ndogo. "Tungeshindwa kulipa, wangechukua kila kitu. Watoto tungewalaza wapi?"

Nikainama kuokota kikombe cha Sila.

"Hamjasaini," Mama Ikram akasema. "Karatasi ya sakosi iko wapi?"

Sila alikuwa ameifungia maandazi. Ilikuwa na mafuta, lakini ilisomeka: riba inatozwa juu ya salio linalopungua. Ukilipa deni, riba nayo inashuka. Kwa miaka mitatu, rejesho la mwezi ni laki nne na elfu thelathini na nne. Kwa minne, ni laki tatu na elfu hamsini na mbili na mia tano. Kwa mitano, ni kama laki tatu na elfu tano.

"Tuchukue mitano!" Sila akasema. "Rejesho dogo."

"Rejesho dogo, lakini riba ya miaka mingi. Jumla inapita milioni kumi na nane. Ya mitatu ni milioni kumi na tano na laki sita."

"Basi mitatu!"

"We Sila, acha kurukaruka," Generosa akasema. "Januari mpaka Aprili sina mzigo. Laki nne na zaidi nitaitoa wapi? Tukichelewa, tunapigwa faini. Tuchukue minne, halafu nikipata faida baada ya mavuno tulipe zaidi."

Mama Ikram akapiga makofi. "Hapo umesema. Ila muulizeni karani wa sakosi: tukilipa zaidi mapema kuna faini? Ada ni kiasi gani? Bima je? Jumla yote ni ngapi? Ajibu kwa maandishi."

Jumatatu waliuliza yote. Faini ya kulipa mapema haikuwepo. Wakasaini na sakosi. Jumla ya marejesho ni chini kidogo ya milioni kumi na saba. Rejesho lenyewe ni dogo kuliko la wakala, muda umepungua mwaka mzima, na karibu milioni sita zimebaki kwao.

Mwaka huu wamehamia Mkonze. Bati linang'aa, mbuzi wamefukuzwa. Walitualika pilau. Wageni walipouliza habari ya mkopo, nikasimama.

"Nilimwambia Sila, soma mkataba! Nikamwambia, riba ya mkopo wote ni hatari!"

Mama Ikram akapaliwa na pilau.

"Mzee Obedi," Generosa akasema, "wiki iliyopita nilikutana na yule wakala Majengo. Anadai laki moja yake aliyokupa tulipojaza fomu. Na ile nyumba yako ya Gulwe, anasema ulimwambia ilijengwa na mama mkwe wako."

Vijiko vilisimama hewani.

"Ilikuwa ya chai," nikasema. "Naapa, ile hesabu sikuijua."

"Hukuijua, lakini laki moja uliijua. Choo chetu hakina mlango, mzee. Fundi anataka laki moja na ishirini."

"Mimi nilipewa laki moja tu!"

"Hiyo ishirini ni riba," Sila akasema, na wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Nikatoa simu. Nikamtumia fundi pesa yote mbele yao. Ada ya kutuma nayo nikalipa mimi.