Mboga Isiyo na Chumvi

Walikutana sokoni Kashikishi, kando ya ziwa, katikati ya wachuuzi na vikapu vya samaki wakavu, mwaka 1954. Fanwell alivaa kofia aliyotoka nayo mjini Elisabethville, ameilaza upande. Olipa alijifunga kitenge cha manjano kinachonuka moshi.

"Mama, unauzisha samaki ao unauzisha kicheko?"

"Kicheko ni ya bule. Samaki ndiyo ya feza."

Fanwell akanunua kikapu kizima asichokuwa na haja nacho. Kabla ya mvua walikuwa mume na mke, chanda na pete.

Mwaka uliofuata Olipa alijifungua mtoto mfu, na siku tatu yeye mwenyewe alikuwa wa kufa. Kaburini Fanwell alimwambia, "Tutapata mwingine." Neno hilo lilimchoma. Akaenda kwa siri kwa Mama Eneless, mjuzi wa mizizi, na tangu hapo kila asubuhi akanywa kikombe kichungu cha kuzuia mimba. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Olipa alificha ili asizae.

Miezi sita ikapita salama. Kisha alfajiri moja walilala pamoja, wakacheka, Fanwell akashuka ufukweni kutengeneza nyavu. Olipa alipokunja nguo ya kulalia akaona matone ya damu.

Damu yake ya mwezi ilikwisha juma lililopita. Yeye mwenyewe alikuwa ameondoa shanga nyekundu ukutani na kutundika nyeupe, mume ajue kuwa damu imekwisha, kama shangazi zake walivyomfunza alipovunja ungo. Hii basi imetoka wapi? Dawa inamla tumbo? Akitundika nyekundu ataulizwa, na mwanamke anayefunga tumbo kwa siri hurudishwa kwao. Akaziacha nyeupe. Lakini alipopika, mkono ulikataa kutia chumvi. Kwa mila yao, mwenye damu akitia chumvi, mume huumwa kifua, na Fanwell alikuwa aingie ziwani jioni.

Adhuhuri Fanwell alichovya tonge, akaonja, akaliweka chini. Akatazama shanga. Pale ziwani wake wa namna mbili ndio wasiotia chumvi: mwenye damu, na aliyelala na mwanamume mwingine akaogopa kumuua mumewe kwa chumvi hiyo.

"Olipa. Munyu iko wapi?"

"Nilisahau, Ba Fanwell."

"Haiko kusahau. Shanga ni nyeupe." Akasukuma bakuli. "Ule mwanaume ni nani?"

Akinyamaza ni mzinzi, akisema ni mwongo. Olipa akaenda nyuma ya mtungi, akaleta kikombe chenye mizizi.

"Hakuna mutu. Leo tulilala pamoja, kisha damu imetoka. Ninakunywa dawa ya Mama Eneless, nisipate mimba. Niko na woga. Pengine ninakufa."

Fanwell alikitazama kikombe. Alivua kofia.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulisema tutapata mwingine."

"Nilisema vile juu ulikuwa unalia!" Alifunika uso kwa kofia, na sauti ikatoka humo. "Siku tatu nilisikiliza pumzi yako. Nilimwambia Mungu, baki na mutoto, uniachie mama yake. Unafikiri nilitaka kurudia ile?"

Olipa akaanza kulia. Hofu haikumtoka.

"Kama dawa imeniharibu?"

"Sijui. Hata mimi ninaogopa, mupenzi. Ile kikombe acha kwanza. Leo siingie ku ziwa. Tunaenda kwa masista ba misioni, bakuangalie."

Akanyanyuka, akachota chumvi kwenye kibuyu.

"Hapana, Ba Fanwell! Kifua!"

"Ni mukono yangu, haiko yako."

Akaitia, akakoroga kwa kidole, akamega tonge na kumpa mkewe kwanza, ingawa hajawahi kula naye bakuli moja. Wakala hivyo hivyo mpaka bakuli likaisha, kisha wakashika njia ya misheni.