Hodi Tatu Chini ya Barafu

Mwenye kutaka kwenda haja aende sasa, maana nikianza sisimami, na nikimaliza hutathubutu kutoka nje peke yako.

Saa tisa alasiri, Novemba, na jua la Ziwa Mustaselkä, huko kaskazini ya mbali, lilikuwa limeshakata tamaa likizama. Taavetti na shemeji yake Eemeli walikuwa wakipitisha kamba ya wavu chini ya barafu changa. Eemeli, jitu la kilo mia na kumi, alibaki kwenye tundu la kwanza akivuta kamba. Kila alipovuta, mkono wa chuma wa ubao uliofungwa kamba uliigonga barafu huko chini na kuusukuma ubao mbele. Taavetti alitembea juu, akiufuata kwa masikio. Ukifika mbali ya kutosha, angegonga mara tatu kwa mtaimbo, na Eemeli angekuja na shoka watoboe tundu la pili.

Wavuvi wa pale wana sheria moja: barafuni usiamini sauti ya mtu, amini hodi, ya ubao na ya mtaimbo. Upepo huyabeba maneno ukayatupa kwingine.

"Shemeji, mbona unanyata kama paka aliyeiba siagi?" Eemeli alimtania.

"Wewe vuta! Ningekuwa na tumbo lako hata ufukweni nisingetoka."

Tok.

Taavetti akafuata. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu, barafu nene na nyembamba zote zikaonekana sawa.

Tok... Tok...

Ikamvuta upande wa mlango wa mto, ambako mkondo huila barafu kwa chini. Harufu ya matope ikampiga puani. Matope, kwenye baridi ile?

"Taavetti!" Sauti ya Eemeli, mbali. "Unakwenda wapi? Ubao umekwama! Uko hapa, chini ya miguu yangu!"

Taavetti akatabasamu. Upepo na uongo wake. Maana mbele yake, wazi kabisa...

Tok.

Akapima kwa mtaimbo, pigo moja la kivivu. Chuma kikapenya, kikamponyoka, kikaenda zake.

Maji meusi yakapanda juu ya theluji.

Akalala kifudifudi, taratibu, asipumue. Barafu ikalia kama mlango mkongwe. Kisha, chini ya kifua chake hasa:

Tok. Tok. Tok.

"Nakuja!" Eemeli akaitikia, akaokota shoka.

"Usije! Rudi!"

Eemeli hakujali. Sheria ni sheria. Sauti si kitu. Kilo mia na kumi zikaja mbio, na mtikisiko wa kila hatua ulimpanda Taavetti mbavuni. Hatua ishirini zaidi, na wangezama wote wawili. Angemwambia nini huyu mtu aamini?

"Eemeli! Wewe uliyemkalia mchungaji kwenye mvuke wa sauna ukidhani ni benchi!"

Jitu likasimama.

"Uliapa hutasema!"

"Basi ujue ni mimi! Lala chini! Rudi kwa tumbo!"

Wakatambaa hadi nchi kavu kama mamba wawili.

Nyumbani, Hilja, mama mkwe wa Taavetti, aliwamiminia kahawa. "Ni Näkki, jini mwenye maji," alisema. "Au barafu inajinyoosha tu. Baba yangu hakujua, nami sijui."

Alipoondoka, Eemeli akasogeza kiti.

"Shemeji," alinong'ona. "Ulipotaja habari ya mchungaji, mbona ulicheka vile?"

"Mimi? Nilikuwa nalia."

Eemeli akaishika kahawa bila kuinywa.

"Nilishuku si wewe. Kicheko kilitoka nyuma yangu, kwenye tundu." Akachungulia dirishani. "Na hakikucheka kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Kilicheka kama mtu aliyekuwepo saunani."