Mwanamke wa Pili Kwenye Shuka Jeupe

Stendi ya Kahama mwaka ule wa 1974 ilijaa magunia ya mpunga hata watu wakakosa pa kukanyaga. Ansgar alipenya katikati yao na suruali yake pana ya bugaluu, ya kahawia, amebeba shuka jeupe kubwa begani.

"Mwangaluka, dada. Limechanika, na leo kuna sinema."

Salvina, fundi wa nguo pale stendi, akasimamisha cherehani. Alivaa gauni la maua mekundu, kilemba amekifunga upande.

"Hilo si shuka, kaka, hilo ni shamba. Analala nani humo?"

"Wilaya nzima."

Akacheka, akalishona.

Ansgar alikuwa mtu wa gari la sinema. Alionyesha filamu za kilimo cha pamba, na kwa kipaza sauti akawaeleza watu wanachokiona. Alikuwa mgane, mkewe Klara alizikwa Ushirombo miaka miwili nyuma, na hakumficha Salvina jambo hilo. Tangu siku ile, kila gari lilipopita Kahama shuka lilikuwa na tundu jipya.

"Panya gani huyu anakula kwa mkasi?" Salvina alimuuliza.

"Panya mwenye mapenzi, mama."

Mwezi wa saba likaja kopo la filamu ngeni, haina neno hata moja. Mti mkubwa ulisinyaa ukarudi kuwa mbegu. Mwanamke alichota maji, akaugua, jeneza likashushwa. Kisha udongo ukang'aa, na mwanamke mwenye sura ileile akaja na ndoo hadi mlangoni kwa yule mume.

"Umekosea mkanda!" watu wakapiga kelele.

Ansgar akababaika. "Ndugu wananchi, msishangae! Mke aliyekufa ndiye huyu, amerudi. Mwili mpya, mtu yuleyule!"

Wakapiga makofi. Salvina, aliyekaa mbele kabisa, akajifunga khanga yake akaondoka.

Siku ya tatu Ansgar alipiga simu kutoka Shinyanga. Salvina akaitwa posta.

"Haloo! Mpenzi, mbona uliondoka?"

"Unamtafuta nani, baba?"

"Wewe!"

"Mimi yupi? Si umewatangazia watu kwamba mimi ni Klara nimerudi?"

"Ile ni filamu tu!"

"Filamu haikusema kitu. Maneno yalikuwa yako. Marehemu wanangoja siku ya Bwana, Ansgar, hawarudi kumchotea mtu maji. Nami siolewi kwa jina la mwenzangu."

"Mwambie, mwanangu!" akadakia mama mmoja kwenye foleni.

Simu ikakatwa.

Ansgar akajifungia kwenye stoo mtaani Kambarage, hukohuko Shinyanga, akaziba madirisha kwa magunia, akaitazama filamu ile mara tano. Kisha akamtuma dereva wa basi amfikishie Salvina ujumbe: Jumamosi njoo Shinyanga uone, usiniambie lolote.

Salvina akaenda na shangazi yake, Eufrasia. "Naenda kuangalia tu," alisema, lakini viatu alivaa vya Krismasi.

Giza lilipoingia, mwanamke wa pili akatokea kwenye shuka.

"Wananchi," sauti ya Ansgar ikasikika, "Kahama niliwadanganya watu. Mtazameni huyu. Wa kwanza alibeba ndoo kwa mkono wa kulia, huyu kwa wa kushoto. Wa kwanza alikuwa akiingia tu. Huyu anasimama mlangoni, anangoja akaribishwe. Sura ni moja kwa sababu mume ana machozi machoni, hajamwona vizuri. Aliyezikwa amelala kwa amani. Aliyefufuka hapa ni mume."

"Sasa mbona hamkaribishi?" mzee mmoja akauliza.

"Anaogopa."

"Mwoga huyo!" Uwanja mzima ukacheka.

Watu walipoanza kutawanyika, Salvina akaja kwenye gari.

"Filamu umeitazama mara tano. Na mimi je?"

"Wewe ndiyo kwanza naanza. Salvina, nikuoe?"

"Nenda kwa padre wetu atangaze ndoa yetu Jumapili tatu. Mwambie aandike Salvina binti Gelasius, asikosee."

"Hatakosea."

"Na Mungu akitujalia binti, tutamwita Klara. Kwetu mtu hurudi hivyo, kwa jina lake kupewa mtoto."

Ansgar akainua kipaza sauti kwa mazoea, akakishusha. Shangazi Eufrasia akampiga begani.

"Haya, baba, wilaya nzima unaisemesha, umeshindwa mwanamke mmoja? Mjibu!"