Beseni la Mlangoni

Harufu ilimpokea kabla ya maiti. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Juni 1993, ukungu umekifunika kijiji cha Kawetele, na Sajenti Fahadi alisimama mlangoni mwa banda la kuku la Mzee Amoni huku machozi yakimtoka kama mtu aliyemenya gunia zima la vitunguu. Majirani walikuwa wamevunja kufuli na kung'oa mbao madirishani ili hewa ipite. Mzee alikuwa amelala kifudifudi karibu na mlango, vidole vimechubuka kwa kukwangua mbao.

Fahadi alikuwa amechoka kabla hajaanza. Gari la kituo halikuwa na mafuta, kwa hiyo alikuja kwa miguu kutoka Tukuyu mjini, na goti lake la kulia lilikuwa na maoni yake kuhusu vilima vya Rungwe.

Banda lenyewe alilielewa. Kuku wote wa mzee walikuwa wamekufa kwa mdondo, na kabla ya kuingiza vifaranga wapya ilibidi lifukizwe. Unaziba kila mwanya, unalowesha sakafu, unaweka chenga za pamanganeti kwenye mabeseni, kisha unazimwagia formalini. Inachemka yenyewe bila moto na kutoa gesi inayoua virusi vilivyojificha kwenye kuta na vyombo. Gesi hiyo haichagui. Mtu akifungiwa ndani, naye anakwenda.

Mabeseni matatu yalikuwa yamepangwa kutoka mwisho wa banda hadi mlangoni. La mlangoni lilikuwa na unga mkavu wa kahawia. Mawili ya nyuma yalikuwa na chenga za zambarau, zinang'aa. Fahadi aliyatazama, akayaweka akilini, akatoka nje kukohoa.

"Afande, kesi imeisha," alisema Koplo Muddy, kijana wa kazi ya haraka aliyefika tangu alfajiri. "Ni mkamwana wake, Tupokigwe. Jana jioni watu walimwona akikimbia kutoka huku, khanga kajifunika gubigubi. Ufunguo tumeukuta jikoni kwake, kwenye msumari. Na tulipomleta aitambue maiti, kageukia ukuta. Hataki hata kuitazama!"

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu. Yuko mahabusu na mtoto wake anayenyonya. Mkuu kasema Jumatatu apelekwe Mbeya, kesi ya mauaji."

Fahadi alimfikiria yule mtoto kwenye sakafu ya saruji na baridi hii ya Juni, akaona uchovu wake umepata mwenzake.

Aliyefukiza banda alikuwa Jotham, bwana mifugo aliyehamishiwa Rungwe kutoka Morogoro, kisha serikali ikapunguza wafanyakazi naye akawamo. Sasa soko ni huria, kila mtu na mkoba wake, na Jotham alipita vijijini akiuza chanjo na dawa. Alijibu bila kubabaika.

"Nilifanya kama kawaida, afande. Unaanzia beseni la nyuma, unarudi ukimwaga moja moja, unamalizia la mlangoni, unatoka mbio. Nikafunga kufuli, nikampa mzee ufunguo. Mkamwana wake alikuwa kasimama pale pale, mzee akamkabidhi mkononi. Nikaaga. Nadhani mzee alisahau kitu akarudi ndani, mwanamke akapata nafasi."

"Walikuwa na ugomvi?"

"Nyumba za watu, afande. Nani anajua?"

Muddy alikuwa na mshukiwa wa akiba, Ali, mwenye duka mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini. Ndiye aliyeuza ile formalini, na wiki hiyo alirushiana maneno na marehemu sokoni. Fahadi alimkuta akipanga soda kwenye friji.

"Tuligombana, sikatai," Ali alisema. "Alikuja kunitukana kwamba friji langu limeozesha chanjo, ndiyo maana kuku wake wamekufa. Nikamwambia, mzee wangu, Jotham hajaweka chanjo humu tangu masika yaanze! Anatembea nayo mkobani, juani na mvuani. Ile si chanjo tena, ni maji.  Mzee akasema Jumapili atasimama kanisani awaambie wafugaji wote."

"Jotham alijua?"

"Ndugu yangu, Tukuyu hii? Alijua kabla mzee hajafika nyumbani."

Sababu ilikuwa imepatikana, lakini sababu haimfungi mtu. Fahadi alipanda tena Kawetele, goti likilalamika, akamkuta mjane Felista jikoni akimenya ndizi za waombolezaji. Alimpa pole, akauliza kama mzee na mkamwana waliwahi kugombana.

"Wangegombania wapi, mwanangu?" Felista alisema. "Tangu aolewe hapa hawajatazamana usoni. Kwetu mkamwana hamwoni mkwewe, wala hamtaji jina. Mume wangu akipita njiani, Tupokigwe anaingia migombani. Chakula chake nilipeleka mimi."

Fahadi alizaliwa mjini, baba yake mfanyabiashara. Mila hiyo aliisikia utotoni, akadhani imekwisha kufa.

"Hata ufunguo hawezi kupokea mkononi mwake?"

"Loh! Mkononi? Watu wangesema kichaa."

"Na maiti?"

"Hata maiti."

"Jana jioni mama ulikuwa wapi?"

"Msibani, ng'ambo ya mto."

"Tupokigwe hakukufuata huko?"

Felista aliinamia ndizi zake, kisu kikaenda haraka zaidi. Fahadi hakumsukuma.

Jumapili mchana aliwapeleka bandani Jotham, Muddy na mabalozi wawili wa nyumba kumi. Alimpa Jotham ndoo ya maji.

"Tuonyeshe ulivyomwaga."

Jotham alikwenda moja kwa moja hadi mwisho wa banda.

"Kwa nini hukuanzia hapa mlangoni?"

"Ningejizibia njia. Gesi ingenikuta ndani."

"Sawa. Sasa tazama beseni lililo mbele yako."

Jotham aliinama. Ndoo ikamponyoka.

"Formalini ikigusa pamanganeti, zambarau hupotea na kubaki unga wa kahawia," Fahadi alisema. "Ni wewe unayewafundisha wafugaji. Hayo mawili hayakuguswa. Dumu zima la formalini limeishia beseni la mlangoni, na aliyemwaga hakuthubutu kuingia ndani. Huko ndani kulikuwa na mtu."

"Basi ni yule mwanamke! Alipewa ufunguo, nilimwona!"

Balozi mmoja alicheka, kicheko kikavu. "Ulimwona akipewa na mkwewe? Bwana mifugo, umekaa na sisi miaka miwili, umejua kuku tu."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Jotham iliishia hapo. Alikaa chini kwenye maji aliyoyamwaga.

"Nilimwomba abandike karatasi kwenye mwanya wa mwisho, kule nyuma," alisema. "Alikataa kunisamehe. Angesema kanisani, na ningekula nini? Serikali ilishanitupa. Nikamwaga, nikafunga, nikaupeleka ufunguo kwa mkamwana wake, kwenye msumari. Jikoni hapakuwa na mtu."

Muddy alimtia pingu, safari hii bila haraka.

Jioni hiyo Felista alikuja kituoni kumchukua mkamwana wake. Tupokigwe alitoka na mtoto mgongoni, macho chini. Fahadi alimuuliza swali lililobaki.

"Kwa nini ulikimbia, binti?"

Tupokigwe aliikaza khanga iliyombeba mtoto.

"Alikuja kwangu msibani," Felista alisema. "Alilia, 'Mama, mtu anakohoa bandani, anagonga mlango.' Nilijua ni mume wangu, ila sikujua kwamba ile dawa imeshamwagwa. Nikamkaripia mbele za watu. Nikamwambia, 'Heshima yako iko wapi, utamfungulia mkweo? Kaa hapa. Nikimaliza kuosha vyombo nitakwenda mwenyewe.' Niliporudi kulikuwa kimya, nikadhani amekwenda kwa rafiki zake. Nikalala."

"Na ufunguo ulikuwa jikoni kwake," Fahadi alisema, kisha akajuta kusema.

"Amenyamaza kwa ajili yangu, isijulikane kwamba mimi nilimzuia," Felista alisema. "Angepelekwa Mbeya na mtoto wake, amenyamaza tu."

Tupokigwe alimshika mama mkwe wake mkono. Wakatoka, wakaanza kupanda kilima polepole, mvua ikinyesha. Fahadi aliwatazama hadi ukungu ulipowameza, kisha akaketi kwenye benchi la mahabusu kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.